Uzi Uliokatika Songea

Safari hii tunawapeleka Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Tulikwenda huko kushona, tukarudi na habari ambayo hatukuitarajia, nasi tunaona si haki kukaa nayo wenyewe.

Ilikuwa Julai 2023. Tuliondoka Dar es Salaam akina mama saba wa umoja mmoja wa kanisa, alfajiri kabla ya adhana, tukiwa na mabegi, chakula cha njiani, na maboksi mawili ya vitambaa na nyuzi tulizonunua Kariakoo. Kutoka Dar hadi Songea ni zaidi ya kilometa 900. Unapita Morogoro, unakatiza hifadhi ya Mikumi huku watoto wa ndani ya basi wakigombea dirisha waone twiga, unapanda milima hadi Iringa, halafu Makambako. Pale Makambako basi huiacha barabara ya Mbeya na kushika ya kusini, kwenda Njombe na Songea. Njombe tuliposhuka kunyoosha miguu, baridi ilitupokea mlangoni. Sisi watu wa pwani tuliokuwa tumevaa kanga mabegani kama tunakwenda Mbagala, tulinunua sweta pale pale barabarani bila hata kupunguziwa bei vizuri.

Wenzetu wa Songea walikuwa wametualika tushirikiane kushona mifarishi 40 ya watoto wachanga kwa ajili ya wodi ya wazazi. Kwa dada ambaye hajawahi kuuona mfarishi, ni blanketi la tabaka tatu. Juu ni vipande vya kitenge vilivyounganishwa, vile vinavyobaki chini ya meza ya fundi. Katikati ni pamba iliyotandazwa, au blanketi jepesi kuukuu lililofuliwa na kuchemshwa. Chini ni kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa tunachokiita marekani, jina lililobaki tangu karne ya 19, wakati wafanyabiashara wa Marekani, hasa wale wa mji wa Salem, walipokuwa wakikishusha Zanzibar. Tabaka hizo tatu hupitishwa pamoja kwenye cherehani kwa mistari mingi, ili pamba ya katikati isijikusanye pembeni mfarishi ukifuliwa. Ukiuacha bila mistari, kufua mara moja tu kunatosha kukupatia gunia lenye bonge moja la pamba upande mmoja.

Kwa nini mifarishi, na kwa nini Julai? Songea iko juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai usiku wake ni wa baridi kweli. Mtoto mchanga hana uwezo wa kutetemeka ajipatie joto kama sisi. Mwili wake unatakiwa ubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na akishuka hapo hunyonya kwa shida, na asiponyonya huzidi kupoa. Dawa ya kwanza ni kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Mfarishi huja juu yao wote wawili. Tunasema hivi mapema ili msije mkadhani tulikwenda kufundisha kwamba blanketi hushinda kifua cha mama.

Tulifika jioni. Mji wenyewe ni wa kupendeza, umetanda juu ya vilima, na upande wa mashariki unaiona milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma huanzia safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Siku ya pili wenyeji wetu walitupeleka Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge. Mji huu umechukua jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji. Wengi wa walionyongwa wamelazwa katika kaburi la pamoja, na kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika hapo kuwakumbuka. Tulisimama kimya. Mama mmoja wa Songea alituambia kwamba alipokuwa mtoto walikatazwa kucheza upande ule, na sasa wajukuu zake wanapelekwa na walimu wao.

Basi, tuje kwenye kushona.

Kule Songea Julai ni mwezi wa mahindi. Mavuno yamekwisha kuingia nyumbani, na mchana kutwa akina mama wanapukuchua, wanapepeta, wanaweka dawa, wanajaza magunia. Hakuna anayeweza kukaa kwenye cherehani saa nne asubuhi mahindi yake yakiwa yametandazwa uani na mbuzi wa jirani anachungulia. Kwa hiyo ilipangwa tushone jioni, kuanzia saa kumi na mbili, katika chumba kimoja cha nyuma ya ukumbi wa kanisa. Cherehani zilikuwa nne, tatu za kukanyaga kwa miguu na moja ya umeme. Kiongozi wa kazi alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu pale humwita Mama Fundi, nasi tukamwita hivyo hivyo.

Jioni ya kwanza, kabla ya mfarishi wa kwanza kufika nusu, uzi ulikuwa umekatika mara kumi na moja. Tulihesabu. Unashona mstari mmoja, tap! Unatunga uzi upya, unashona shubiri mbili, tap! Dada yetu mmoja, fundi mzuri tu ambaye Dar hushona sare za kwaya nzima peke yake, alitokwa na machozi ya hasira.

Mnajua ilivyo uzi ukikatika katika kundi la wanawake, kila mmoja ana jawabu lake. Mmoja alisema sindano imepinda. Tukabadilisha sindano. Mwingine akasema sindano ni nyembamba mno kwa tabaka tatu, akaweka namba 16 badala ya 14. Hapo palikuwa na nafuu kidogo, nasi tunawashauri mfanye vivyo hivyo mnaposhona kitu kinene, maana tundu la sindano namba 16 ni pana na uzi haukwaruzwi sana. Mwingine akalegeza kile kibano cha kukazia uzi. Mwingine akafungua sehemu ya bobini, akatoa vumbi la pamba lililojaa kama manyoya ya kifaranga. Mwisho, kama kawaida, tukaulaumu uzi wenyewe, na aliyeununua Kariakoo akaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

Mama Fundi alikuwa kimya. Alichukua rili moja ya uzi wa pamba, akauvuta urefu wa mkono karibu na sikio, akaukata.

“Dada zangu,” akasema, “huu uzi si mbovu. Umekauka.”

Tulimwitikia kwa heshima, lakini kwa kweli hatukumsikiliza. Uzi ukauke? Si ndivyo uzi unavyotakiwa kuwa?

Sasa inabidi tukiri jambo letu. Chumba kile kilikuwa na madirisha mawili ya vioo na mlango mmoja. Wenyeji walikuwa wamezoea kushona humo wakiwa wamejifunga blanketi mabegani. Sisi wageni wa pwani tulitetemeka, na jioni ile ya kwanza tuliomba jiko. Wakatuletea jiko la mkaa, zuri, jekundu, lisilo na moshi hata kidogo. Tukafunga dirisha, tukafunga na mlango, na chini ya mlango tukasukumia gunia ili upepo usiingie. Jioni ya pili majiko yalikuwa mawili. Na miongoni mwetu wauguzi walikuwa wawili! Sisi hao hao ambao kliniki tunasimama mbele ya akina mama na kuwaambia wasilale na jiko ndani, tulisogeza viti karibu na jiko tukanyoosha vidole. Katika fikra zetu kulala na jiko ni hatari, kushona na jiko ni kazi.

Jioni ya tatu uzi ulikatika kupita zote. Cherehani iliyokuwa karibu na jiko haikuweza kumaliza hata mstari mmoja. Ile ya umeme, iliyotumia uzi wa poliesta, haikukata sana, ila uzi wake ulifanya vituko vingine. Ulikuwa unajirusha kutoka kwenye rili, unajinata kwenye mkono wa sweta, unajizungusha kwenye kijiti cha rili mpaka unakaza. Tukicheka tulisema uzi una pepo. Midomo ilitupasuka, macho yakawasha. Kufika saa mbili usiku kichwa kilimwuma mmoja, kisha wa pili, kisha wote. Tukasema ni kukaza macho kwenye mishono kwa mwanga hafifu. Tuligawana vidonge vya kutuliza maumivu tukaendelea, maana mifarishi iliyokamilika ilikuwa sita tu.

Katika chumba kile alikuwamo mama mmoja kijana, mwenyeji, mwenye mtoto wa miezi mitano mgongoni. Mtoto alilala tangu saa moja. Sote tulimsifu, mtoto mwema, anamwacha mama afanye kazi. Karibu saa tatu mama yake aliinuka kuchukua mkasi, akayumba, akashika meza, akasema moyo unamchafuka.

Hapo ndipo mmoja wetu alipouliza, “Mama, mtoto alinyonya mwisho saa ngapi?”

Alijibu kwamba saa yake ya kunyonya ilikwisha kupita, lakini hakulia, naye akaona amwache alale.

Tulimfungua mgongoni. Alikuwa amelegea. Tulimwita, tukamfinya unyayo, akakunja uso kidogo tu na kurudi kulegea. Wapendwa, tumefanya kazi wodini miaka mingi, na tunajua mtoto aliyelala anavyokuwa mikononi. Huyu hakuwa amelala. Tulipiga teke lile gunia, tukafungua mlango, tukawatoa wote nje kwenye baridi, mtoto kwanza, na mtu mmoja akayatoa majiko akayaweka uani. Nyota zilikuwa nyingi ajabu. Tulisimama pale tukimpulizia mtoto upepo wa kanga na kumsugua mgongo, na kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu sana hakutoa sauti. Halafu alikohoa, akalia. Hatujawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile, hata chumba cha kujifungulia.

Hatukuishia hapo. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji yeye na mama yake, wakawekewa hewa ya oksijeni usiku kucha, na kesho yake wakarudi nyumbani wazima.

Tuseme wazi kilichokuwamo chumbani, kwa sababu jambo hili halionekani wala halinuki. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii ikiingia mapafuni hujishika kwenye damu, pale pale ambapo oksijeni inatakiwa kukaa, na hujishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinamwuma, yeye hulala tu. Mimba nayo huathirika, kwa kuwa gesi humfikia mtoto tumboni. Na mkaa uliowaka vizuri, mwekundu, usio na moshi, bado unaitoa. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri huku mtu yuko hatarini, maana hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Ukiona watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja na kuna jiko, usitafute paketi ya vidonge kwanza. Fungua mlango.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyetaka kuingia chumbani. Tulitoa cherehani mbili barazani, tukiwa na haya nyusoni. Umande ulikuwa bado umelala kwenye majani, na juu ya Matogoro kulikuwa na ukungu. Yule dada aliyelia kwa hasira alikaa kwenye cherehani yake, akaweka rili ile ile ya Kariakoo, sindano ile ile, akaanza kukanyaga. Alishona mstari. Akashona wa pili. Alimaliza mfarishi mzima na uzi ulikatika mara moja tu, tena pale alipokanyaga pini.

Mama Fundi alileta uji, akatazama, hakusema neno. Ndipo tulipomwomba atufundishe, na safari hii tulisikiliza.

Pamba ni kitu kinachokunywa maji kutoka hewani. Katika hewa yenye unyevu wa kadiri, kama asilimia 65, uzi wa pamba unaoushika na kuuona mkavu una maji kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Maji hayo ni sehemu ya nguvu yake. Pamba ni tofauti na vitu vingi kwa kuwa ikilowa huongezeka nguvu, na ndiyo maana nguo ya pamba huvumilia kupigwa kwenye jiwe la kufulia. Ikikaushwa, nyuzinyuzi zake hukakamaa, hutoa vumbi, na huvunjika pale zinapokunjwa. Na cherehani inaukunja uzi vibaya. Kipande kimoja cha uzi hupita tundu la sindano kwenda na kurudi makumi ya mara kabla hakijakaa mahali pake kuwa mshono. Ongeza tabaka tatu za kitambaa zinazokisugua, utaelewa.

Poliesta haina shida hiyo, kwani haishiki maji hata kufikia asilimia 1. Nguvu yake haipungui kwa ukavu. Lakini hewa ikikauka hukusanya umeme wa msuguano, ule ule unaotoa cheche ukivua sweta ya nailoni gizani. Huo ndio pepo tuliyemcheka.

Na jiko linakaushaje hewa, hali halinywi maji? Hapa inafaa kwenda polepole. Hewa ya baridi hubeba maji kidogo. Ikiwa na nyuzi 10 (nyuzi za joto, si za kushonea) haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi za mvuke katika kila meta moja ya ujazo. Ile ya nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23. Chukua basi hewa ya usiku wa Songea iliyoshiba maji yake yote, iingize ndani, ipashe hadi nyuzi 25 bila kuiongezea maji. Maji ni yale yale, lakini chombo kimekuwa kikubwa, na sasa kimejaa kwa asilimia 40 tu. Hewa hiyo ina kiu, nayo itatafuta maji popote, kwenye midomo yako, machoni, puani mwa mtoto, na kwenye rili ya uzi. Na rili iliyokuwa hatua moja kutoka kwenye jiko ilipata joto moja kwa moja, kama mahindi yanayobanikwa.

Tusije tukaeleweka vibaya. Ile gesi mbaya haikati uzi, na uzi unaokatika si kipimo cha gesi. Ila vyote viwili vilitoka kwenye jiko lile moja na mlango ule mmoja tulioufunga, na uzi ulianza kulalamika siku mbili kabla ya vichwa vyetu.

Mmoja wa akina mama tuliokwenda nao alipata kufanya kazi ujanani mwake katika kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Alikumbuka kwamba ukumbi wa kusokota uzi ulikuwa na joto la kutoa jasho na hewa nzito yenye majimaji, iliyopulizwa makusudi. “Tulidhani ni ukatili wa mabosi,” alisema, “kumbe walikuwa wanaulinda uzi.” Ndivyo viwanda vya pamba vinavyofanya duniani kote. Huko Lancashire, Uingereza, ambako viwanda vya pamba vilistawi zamani, hali ya hewa ya mvua na ukungu ilisaidia kazi, na bado wenye viwanda waliongeza mvuke ndani ya kumbi za kufumia. Walizidisha mpaka wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapaza sauti kuhusu afya zao, na mwaka 1889 bunge la huko likapitisha sheria ya kuwekea mpaka unyevu huo. Hapo uzi ulipata hewa nzuri na mama akakosa. Sisi Songea tuliwanyima wote wawili.

Sasa yale ya Mama Fundi, tuliyoyafuata mpaka mwisho wa kazi.

Uzi wa pamba wa kesho anauweka leo usiku ndani ya chungu cha udongo, pamoja na kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana. Kati ya kitambaa na rili huweka kisahani, visigusane, kisha hufunika. Halowanishi uzi wenyewe hata siku moja, maana uzi uliolowa hapa na kukauka pale huvuta vibaya, na maji yakifika kwenye bobini huleta kutu. Kwa mwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, linafaa vile vile, ila usiusahau humo wiki nzima ukaota ukungu. Asubuhi anatoa rili moja moja kadiri anavyohitaji.

Chumba cha kushonea kikiwa na sakafu ya saruji, hunyunyiza maji kidogo kabla ya kazi, kama afanyavyo mama yeyote kabla ya kufagia. Hutundika kanga mbichi dirishani, dirisha likiwa wazi, na beseni la maji huliweka pembeni. Cherehani haikai mahali jua la alasiri linapopiga, wala uzi haukai dirishani kwa mapambo, kwa kuwa jua hulegeza uzi wowote, hata wa poliesta. Alituambia kwamba Julai kwake si mwezi mgumu. Mwezi mgumu ni Septemba na Oktoba, jua likiwa kali, upepo wa vumbi unavuma na mvua bado ziko mbali, hapo uzi hukatika hata bila jiko. Miezi hiyo hushona asubuhi tu, na mchana hukata vitambaa.

Kuna mama alileta nta ya nyuki, maana misitu ya Ruvuma ina asali nyingi, akasema tuupitishe uzi humo. Kwa sindano ya mkono ni sawa kabisa. Kwa cherehani Mama Fundi alikataa, kwa sababu nta huganda kwenye kile kibano cha kukazia uzi, na siku mbili baadaye unamtafuta fundi wa kusafisha.

Na baridi je? Tulivaa. Hakuna siri nyingine. Soksi mbili, sweta la Njombe, kitenge kiunoni, chupa ya chai ya tangawizi na bakuli la viazi vitamu vya kuchemsha. Ratiba ikageuzwa. Wenyeji walikubali kushona saa moja hadi saa nne asubuhi barazani, nasi alasiri tukaenda majumbani mwao kuwasaidia kupukuchua mahindi ili wasirudi nyuma kwa ajili yetu. Vidole vya watu wa mjini viliota malengelenge. Watoto wa nyumba zile walitucheka waziwazi, na mama zao walijifanya kuwakemea.

Yule mama kijana alirudi siku ya tano. Tuliogopa kwamba hatatuamini tena, au mumewe atamkataza. Mumewe alimleta mwenyewe kwa baiskeli, akatusalimia wote, akaangalia baraza, akaangalia lile jiko lililokaa uani likipika maharage mahali pake panapostahili, kisha akasema atapita kumchukua saa nne. Hakusema zaidi. Mtoto aliwekwa kwenye mkeka, akakamata kipande cha kitenge chekundu na kukitia mdomoni.

Jumamosi walitupeleka Peramiho, magharibi ya mji, kwenye abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898, yenye hospitali na shule na karakana zake. Ni mahali pa kutembelea siku nzima na makala yake peke yake, sisi tulikuwa na saa tatu tu. Tulichokitafuta humo, tucheke kidogo, ni vyungu. Kwa bahati tulivipata barabarani wakati wa kurudi, vinauzwa na bibi mmoja chini ya mwembe, tukanunua vitatu vidogo vya kuwekea uzi.

Jumapili, baada ya ibada, tulisoma habari za Dorkasi wa Yafa katika Matendo ya Mitume sura ya 9, yule aliyewashonea wajane kanzu na mavazi, na mchungaji akawaombea watoto watakaofunikwa. Tulihesabu mifarishi: 37. Jumatatu tuliipeleka wodini kwa mikono yetu. Muuguzi wa zamu alipokea, akaipanga kabatini, akachukua mmoja pale pale na kwenda kumfunika mama aliyekuwa amejifungua alfajiri, mtoto yuko kifuani mwake ndani ya kanga, kofia ya bluu tu ndiyo inaonekana.

Mitatu iliyobaki tuliibeba kurudi nayo Dar es Salaam, vipande vimeunganishwa tayari bado mistari. Tuliishona katika wiki moja, mlango wazi, feni juu, jasho likitutoka, na uzi ule ule wa Kariakoo haukukatika hata mara moja. Mwezi wa Agosti tuliituma kwa basi la Songea, pamoja na rili kumi za uzi kwa ajili ya Mama Fundi. Alipiga simu kushukuru. Alisema Septemba inakuja, uzi amekwisha kuutia chunguni.